Pini mahali pasipo na majina ya njia: tathmini ya Wasifu wa Biashara wa Google kwa biashara zilizo mbali na mji

Biashara ya katikati ya mji ikikosewa mahali pake kwenye ramani ya mtandaoni, mteja hupoteza dakika tano, akauliza jirani, akafika. Biashara iliyo mbali na mji ikikosewa vivyo hivyo, mteja hafiki kabisa, au hufika usiku wa manane akiwa amechoka na mafuta ya gari yamemwishia. Kwa sababu hiyo nimeona niandike tathmini ya Wasifu wa Biashara wa Google, huduma ya bure ambayo nimekuwa nikiitumia tangu mwaka 2021 kusimamia taarifa za nyumba ndogo ya wageni na karakana moja ya magari. Zote mbili ziko mahali ambapo njia hazina majina, nyumba hazina namba, na mnara wa simu wa karibu umefichwa na mlima. Naipima huduma hii kwa mahitaji ya mahali pa namna hiyo tu.

Hukumu yangu naitoa mapema. Huduma hii inastahili muda wako, tena muda mwingi kuliko unavyodhani, kwa kuwa ndiyo inayolisha ramani ambayo wageni wengi tayari wanayo kwenye simu zao. Hata hivyo, imeundwa kana kwamba kila biashara ina anwani, barabara yenye jina na majirani wanaojulikana, na asiye navyo hana budi kulijaza pengo hilo kwa kazi ya mikono yake mwenyewe.

Kabla ya kuanza, tahadhari moja kuhusu maelekezo ya zamani. Ramani za Google zilizinduliwa mwaka 2005, na zana ya wenye biashara imebadilishwa jina zaidi ya mara moja: mwaka 2014 iliitwa Google My Business, na Novemba 2021 ikapewa jina ililo nalo sasa. Programu yake ya simu ilifungwa mwaka 2022, na tangu hapo mmiliki huhariri taarifa zake moja kwa moja kwenye ukurasa wa utafutaji au ndani ya ramani yenyewe. Tovuti ndogo za bure zilizoambatana na wasifu zilizimwa Machi 2024, na sehemu ya kuandikiana ujumbe na wateja ikaondolewa Julai mwaka huo huo. Ukikuta mwongozo unaokutuma kwenye vitu hivyo, ujue umepitwa na wakati. Na kama mgeni wako alizoea kukuandikia kupitia ramani, hakikisha namba ya simu iliyo kwenye wasifu ni ile inayopokelewa.

Kiini cha wasifu wote ni pini, yaani ile alama inayoonesha biashara iko wapi kwenye ramani. Jina, picha na maelezo vinaweza kusahihishwa baadaye bila madhara makubwa, lakini pini iliyokaa pabaya humpeleka mtu pabaya. Pale ambapo anwani haitambuliki, huduma hukuruhusu kuiburuta pini juu ya picha ya setilaiti hadi mahali unapopataka. Mara ya kwanza niliiburuta nikiwa nimekaa mezani, mwendo wa saa tatu kutoka eneo lenyewe, nikaitua juu ya paa nililoliamini kuwa letu. Lilikuwa paa la ghala la jirani, maana picha ile ilipigwa kabla nyumba yetu haijajengwa. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku hiyo siweki pini ya mahali ambapo sijasimama.

Namna ya kusimama nayo ina utaratibu wake. Nenda getini mchana, mahali ambapo anga iko wazi na miti haijakufunika, subiri dakika chache hadi duara la buluu linalokuzunguka kwenye ramani lisinyae, kisha bonyeza kwa muda mrefu mahali ulipo na unakili majiranukta, yaani zile namba mbili za latitudo na longitudo. Rudia siku nyingine ulinganishe. Usizifupishe namba hizo kwa ajili ya kibao au kadi ya biashara. Digrii moja ya latitudo ni takribani kilomita 111, kwa hiyo mwenye desimali tatu anaweza kupotoka kwa makumi ya mita, na mwenye desimali nne kwa mita kadhaa, ilhali hatua moja ya desimali ya tano ni kama mita moja tu. Simu ya kawaida chini ya anga wazi hukosea kwa mita kama 5, hivyo desimali tano zinatosha na zinazozidi hapo hazikuongezei chochote. Pini yenyewe naiweka pale gari linapoingilia, kwa sababu katika kiwanja kikubwa chenye uzio, paa la nyumba na geti vinaweza kuachana kwa nusu kilomita.

Hata pini sahihi haimalizi kazi, na hapa ndipo biashara za mbali zinapoumia zaidi. Programu ya ramani humfikisha dereva kwenye sehemu ya barabara inayoijua iliyo karibu zaidi na pini, basi. Jioni moja mgeni alinipigia simu akaniambia kwamba simu yake imemtangazia amefika, na kwamba anaiona taa ya baraza letu, anamwona hata mbwa amelala kwenye ngazi, ila katikati kuna mto. Kwa mstari ulionyooka alikuwa mita zisizozidi mia mbili kutoka mlangoni. Kwa barabara, daraja lilikuwa kilomita 31 nyuma yake. Programu aliyoitumia haikuwa na habari za kinjia chetu cha changarawe, ikachagua barabara ya ng'ambo kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu.

Wapo waliotushauri tuisogeze pini hadi kwenye makutano ya barabara kuu. Sikukubali, kwanza kwa sababu kanuni za huduma zinataka mahali halisi pa biashara, na pili kwa sababu pini ya uongo huzaa uongo mwingine: picha za wageni, vipimo vya umbali na mapendekezo ya marekebisho vyote hufuata hapo ilipo. Tiba ya kweli ni kuiingiza njia yenyewe kwenye ramani. Ndani ya Ramani za Google ipo sehemu ya kuhariri ramani inayokuruhusu kuripoti barabara inayokosekana, ukaichora ilivyo, na ombi lako likapitiwa kabla ya kuchapishwa. Wakati unasubiri, tumia maelezo ya wasifu, ambayo yana nafasi ya herufi 750. Wengi huzimalizia kwenye sifa za biashara. Mimi sentensi ya kwanza nimeitumia kusema kwamba gari lisifuate barabara ya ng'ambo ya mto, na ya pili kueleza alama ya kugeukia.

Madhara yake yanaweza kuvuka usumbufu. Desemba 2012 polisi wa Mildura, katika jimbo la Victoria nchini Australia, waliwaonya madereva wasiitegemee ramani ya Apple iliyokuwa mpya wakati ule, baada ya watu kadhaa kupelekwa katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Murray-Sunset, takribani kilomita 70 kutoka mji waliokuwa wakiutafuta, mahali pasipo na maji ambapo joto linaweza kufika nyuzi 46. Kosa lilirekebishwa upesi. Ilielezwa kwamba orodha rasmi ya majina ya mahali ilikuwa na Mildura mbili, mji wenyewe na eneo zima la utawala lenye jina hilo, na nukta ya eneo iliangukia nyikani. Nalitaja tukio hili kwa sababu mtego wa namna hiyo uko kila penye watu wachache: jina moja hubebwa na kijiji, bonde, kata na wakati mwingine mlima. Kabla ya kuthibitisha wasifu, litafute jina la eneo lako kwenye ramani ukiwa kama mgeni, uone ni wapi ramani inakupeleka.

Penye upungufu wa anwani, chombo kilichonisaidia kuliko vyote ni Plus Codes, msimbo ambao Google iliubuni na kuutoa uwe huru kwa yeyote kuutumia. Dunia yote imegawanywa katika vyumba, na kila chumba kina herufi na tarakimu zake. Msimbo kamili una alama kumi na ishara ya kujumlisha ndani yake, na hutaja chumba cha takribani mita 14 kwa 14. Ukiongeza alama ya kumi na moja, chumba hupungua hadi kama mita 3. Alama zinazotumika ni ishirini tu na hazina irabu, ili misimbo isije ikaunda maneno. Penye mji wa karibu, alama nne za mwanzo hudondoshwa na jina la mji likachukua nafasi yake, kama inavyoandikwa CWC8+R9, Mountain View. Aliye mbali sana asifanye hivyo. Ufupisho huo hufanya kazi ukiwa ndani ya kama kilomita 50 za mji unaoutaja, na zaidi ya hapo msimbo unaweza kuangukia chumba kingine chenye alama zile zile. Sisi tunatumia msimbo kamili, tumeuchora kwa rangi kwenye ubao wa geti na tumeuweka kwenye kila ujumbe wa kuthibitisha nafasi ya mgeni. Uzuri wake ni kwamba hukokotolewa kutokana na majiranukta yenyewe, kwa hiyo simu huweza kuufasiri hata pasipo na intaneti.

Uthibitishaji nao una mazito yake. Sanduku la posta halikubaliwi kuwa anwani ya biashara, na njia inayotumika sana siku hizi ni video. Lazima irekodiwe kwa mfululizo bila kuhaririwa, ioneshe mazingira ya mahali, ioneshe biashara yenyewe na vifaa vyake, na ithibitishe kuwa anayerekodi ana mamlaka hapo, kwa mfano kwa kufungua mlango kwa ufunguo au kuingia sehemu ya wafanyakazi tu. Mjini mazingira ni kibao cha mtaa na duka la jirani. Kwetu hakuna kibao cha mtaa. Nilianzia kwenye nguzo ya kilomita iliyo barabarani, nikatembea bila kukata hadi kwenye ubao wenye jina letu, nikaonesha mlima ulio nyuma kwa kuwa unaonekana vizuri kwenye picha ya setilaiti, nikafungua geti, kisha mlango wa mapokezi, kisha kabati la funguo za vyumba. Nilijihadhari nisionyeshe sura za watu wala nyaraka za siri. Kilichonipa taabu ni kuipakia. Mtandao ulikuwa unapatikana kwa shida, na ilibidi kijisanduku cha intaneti kifungwe kwa kamba juu ya mnara wa tangi la maji, ndipo video ikaenda, polepole, huku nikiiangalia asilimia moja baada ya nyingine. Anayejiandaa kwa kazi hii apange alfajiri, wakati mtandao hauna watu wengi.

Jambo jingine la kujua kabla ya kujisumbua ni kwamba si kila kilicho mbali kinaruhusiwa. Biashara lazima ikutane na wateja ana kwa ana katika saa ilizotangaza. Nyumba ya likizo ya kupangisha isiyo na mapokezi haistahili wasifu, hata kama ni nzuri namna gani. Nyumba ya wageni yenye watu wa kupokea inastahili. Karakana yetu, ambayo mara nyingi huwafuata wateja waliokwama barabarani, iliweza kuorodhesha pia maeneo inayoyahudumia, ambayo idadi yake haiwezi kuzidi 20. Asiyepokea wateja kwake anatakiwa kuificha anwani na kubaki na maeneo hayo tu.

Karakana hiyo ndiyo iliyonifundisha habari ya umiliki. Kabla sijaingia, mwenye karakana alikuwa amemlipa wakala mmoja wa matangazo ambaye aliusajili wasifu kwa akaunti ya wakala mwenyewe, akajiweka mmiliki mkuu, na mwaka uliofuata hakupatikana tena kwa simu wala kwa barua pepe. Kwa miezi kadhaa namba iliyokuwa kwenye ramani ilikuwa ya wakala yule, na mafundi walikuwa wamekaa bila kazi ilhali watu walikuwa wakipiga simu isiyopokelewa. Niliumia kuliona jambo hilo, maana mwenye karakana alidhani wateja wamemkimbia. Njia ya kuurejesha ipo: unabonyeza ombi la kuwa mmiliki, aliye na wasifu hupewa siku chache za kujibu, na asipojibu unaweza kuruhusiwa kuthibitisha upya. Tulifanikiwa. Ukimwajiri mtu akusaidie, msajili kuwa msimamizi tu, umiliki mkuu ubaki kwenye akaunti ya biashara ambayo nenosiri lake unalo wewe. Mtu mpya akiongezwa, kwa siku 7 za mwanzo hawezi kuwaondoa wengine wala kujihamishia umiliki mkuu, na ulinzi huo naupongeza.

Mtu yeyote anaweza kupendekeza mabadiliko kwenye wasifu wako, na penye wageni wachache sauti ya mmoja ina uzito. Mpita njia akikuta geti limefungwa msimu wa mvua, anaweza kuripoti kuwa biashara imefungwa kabisa. Tofauti ya kufungwa kwa muda na kufungwa kabisa ni kubwa machoni pa mteja anayepanga safari ya siku mbili, kwa hiyo njia inapokatika huwa naweka mwenyewe alama ya kufungwa kwa muda kabla mwingine hajaniwekea nyingine, na saa maalumu za siku za mapumziko nazijaza mapema. Kila Jumatatu nafungua wasifu na kuangalia kama kuna kilichobadilishwa.

Maoni ya wageni nayo yana matumizi ambayo sikuyatarajia. Wengi hulalamikia barabara, si nyumba. Zamani niliwajibu kwa kuomba radhi. Sasa nawajibu kwa kueleza hali ya barabara kwa tarehe, aina ya gari linaloweza kupita na mahali pa kugeukia, kwa sababu anayefuata husoma majibu yale kabla hajaondoka kwake. Kutoa zawadi ili usifiwe ni marufuku, na mwenye mahali pa mbali hana haja nayo: akiwa na maoni kumi ya kweli yanayoeleza njia, amepata alichokuwa anakihitaji.

Kuhusu mpangilio wa matokeo ya utafutaji, Google hueleza kuwa huangalia ulinganifu, umbali na umaarufu. Penye washindani wachache hilo si la kukukosesha usingizi. Shughulika na jina liwe lile lile lililo kwenye ubao wako, bila kuongezewa maneno ya matangazo, jambo ambalo linaweza kusababisha wasifu kusimamishwa.

Wageni wengi hupoteza mtandao kabla ya kufika, kwa hiyo wasifu mzuri usio na mtandao hauwafai. Tunawaomba wapakue eneo letu ndani ya Ramani za Google kabla ya safari. Ramani iliyopakuliwa hutoa maelekezo ya gari, lakini si ya miguu wala ya baiskeli, na mwenye kambi ya wapanda milima anapaswa kulijua hilo. Kwa watu wa namna hiyo nawaelekeza kwenye Organic Maps au OsmAnd, programu zinazofanya kazi pasipo intaneti kwa kutumia data ya OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watumiaji wenyewe.

OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ndiyo ninayoiweka bega kwa bega na Google kwa kazi ya mahali pa mbali, na kwa upande wa njia naiona imeizidi. Yeyote mwenye akaunti huweza kuchora kinjia, akaeleza kuwa ni cha changarawe au udongo, akaweka geti, kivuko cha maji na hata daraja lisilobeba lori. Niliporekebisha kinjia chetu, kilionekana kwenye ramani yake kuu muda mfupi baadaye. Kasoro yake ni upande wa pili wa uzuri wake: hakuna mmiliki aliyethibitishwa, mtu mwingine anaweza kuibadilisha saa zako za kazi, na hakuna mahali pa kumjibu mgeni. Zingatia pia kwamba hairuhusiwi kunakili data kutoka Ramani za Google kwenda huko, wala kuandika maneno ya matangazo; weka uliyoyapima mwenyewe. Kwa Apple, huduma ya namna hii ilizinduliwa Januari 2023 kwa jina la Business Connect, nayo ni ya bure. Bing Places, huduma kama hiyo ya Microsoft, inaweza kuleta taarifa kutoka wasifu wa Google, kwa hiyo huwa naifanya mwisho, Google ikishakaa sawa.

Ningependa Google iongeze kisanduku cha maelezo ya njia ya mwisho, kinachojitokeza mgeni anapobonyeza maelekezo, kabla gari halijaondoka. Kwa sasa maneno hayo yamefichwa chini ya picha na nyota, na anayeendesha hayaoni.

Msimu unapobadilika huwa nafanya jaribio moja. Namwomba dereva mpya wa mizigo, ambaye hajawahi kutufikia, afuate simu yake peke yake bila kuuliza mtu njiani, nami nasubiri getini. Mara ya mwisho alisimama hatua sita kutoka kwenye nguzo ya ubao, akazima injini, akaniuliza kama hapa ndipo.